Namna ya Kukokotoa Gharama za Kila Wiki za Tamthilia Ndogo ya Muziki Broadway

Tamthilia ya muziki yenye waigizaji sita, bendi ya watu wanne na seti moja isiyobadilika huonekana kuwa biashara nyepesi, na hivyo ndivyo wawekezaji wengi wanavyoambiwa wanapoombwa fedha. Ukweli ni kwamba katika Broadway, yaani kumbi kubwa za tamthilia za jijini New York, sehemu kubwa ya gharama haifuati idadi ya waigizaji, bali hufuata jengo, mikataba ya vyama vya wafanyakazi na desturi ya kufanya maonyesho manane kila wiki. Kwa hiyo anayetaka kujua kama tamthilia ndogo inaweza kujiendesha hana budi kuuliza kwanza zinahitajika fedha kiasi gani kila wiki ili pazia lifunguliwe, na ukumbi uliokodiwa unaweza kuingiza kiasi gani ukijaa. Maelezo haya yamekusudiwa mtayarishaji chipukizi, mwanafunzi wa uendeshaji wa sanaa, au mtu aliyeletewa waraka wa uwekezaji na anataka kuusoma kwa macho yake mwenyewe.

Tenganisha mtaji na gharama za uendeshaji

Mtaji ni fedha zinazotumika kabla ya tamthilia kuanza kujilipa: mazoezi, ujenzi wa seti, ushonaji wa mavazi, malipo ya wabunifu, matangazo ya ufunguzi, amana zinazowekwa kwa vyama vya wafanyakazi na kwa mwenye ukumbi, pamoja na akiba. Gharama za uendeshaji ni zile zinazorudi kila wiki tangu onyesho la kwanza hadi la mwisho. Magazeti hupenda kutaja mtaji kwa kuwa ni tarakimu kubwa, lakini tamthilia nyingi ndogo huuawa na gharama za kila wiki.

Tazama mifano miwili. Fun Home, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika ukumbi wa Circle in the Square ikiwa na waigizaji 9, ilitumia mtaji wa takribani dola milioni 5.25 na ikaurudisha kabla mwaka huo haujaisha. Maybe Happy Ending, iliyofunguliwa mwaka 2024 katika ukumbi wa Belasco, ina waigizaji wanne tu, lakini mtaji wake ulifikia dola milioni 16, kwa sababu seti yake hujiendesha kwa mitambo na picha zinazoakisiwa jukwaani zinahitaji vifaa vya bei kubwa. Uchache wa waigizaji peke yake haukuambii lolote la uhakika. Uliza kila mara kuna nini nyuma ya waigizaji hao: mitambo mingapi, mafundi wangapi wa kuiendesha, na vifaa vingapi vya kukodi.

Anza hesabu na jengo

Broadway ina kumbi 41, zote zikiwa na viti 500 au zaidi, na karibu zote ziko Manhattan jirani na Times Square. Sehemu kubwa inamilikiwa na makampuni machache, Shubert ikiwa na kumbi 17. Kumbi zinazofaa tamthilia ndogo ni kama Hayes, yenye viti takribani 600, Booth na Golden, zenye viti takribani 800, na Circle in the Square, ambamo watazamaji hulizunguka jukwaa.

Mkataba wa ukumbi una sehemu tatu, na kila moja iandikwe katika mstari wake. Kwanza kuna kodi isiyobadilika ya kila wiki. Pili kuna asilimia ya mapato, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 5 na 7, na hiyo hupanda mauzo yanapopanda. Tatu, na hapa ndipo wageni wengi hushtuka, mtayarishaji humrudishia mwenye ukumbi gharama za kuliendesha jengo lenyewe: mishahara ya wauza tiketi wa dirishani, wahudumu wanaowaongoza watazamaji kwenye viti, walinzi, wasafishaji, meneja wa ukumbi, umeme, joto la majira ya baridi na kipoza hewa cha kiangazi. Ndani ya sehemu hiyo wamo pia wakuu wa idara za jukwaa, yaani fundi seremala, fundi umeme na msimamizi wa vifaa, ambao ni waajiriwa wa jengo na hulipwa hata kama seti yako ni meza moja na viti viwili.

Mkataba huohuo huwa na kipengele kinachompa mwenye ukumbi haki ya kukutoa iwapo mapato yatashuka chini ya kiwango fulani kwa wiki mbili mfululizo. Kipengele hiki kisomwe kwa makini kuliko kingine chochote. Mwenye ukumbi anaweza kuamua kukuvumilia, lakini iwapo kuna tamthilia nyingine inayosubiri jengo hilohilo, na mara nyingi ipo, uvumilivu huo hauna dhamana yoyote.

Chagua ukubwa wa ukumbi kwa kuangalia pande zote mbili. Once, iliyofunguliwa mwaka 2012, ilikuwa tamthilia ya kiasi, yenye waigizaji 13 waliopiga vyombo wenyewe, lakini iliwekwa katika ukumbi wa Bernard B. Jacobs wenye viti zaidi ya 1,000. Ilirudisha mtaji wake wa dola milioni 5.5 ndani ya miezi sita. Six nayo, yenye waigizaji sita na wanamuziki wanne, iko katika ukumbi wa ukubwa unaokaribiana na huo. Kazi ndogo ndani ya ukumbi wa kati ndiyo mpangilio wenye faida kubwa, endapo watu watajaa. Wasipojaa, viti vitupu huonekana kwa kila mtazamaji, bei hushuka na habari husambaa mjini. Kwa maoni yangu, tamthilia isiyo na jina linalojulikana iingie kwanza katika ukumbi wa viti chini ya 800, hata kama faida yake ya juu kabisa itakuwa na mpaka.

Hesabu watu wote

Waigizaji na wasimamizi wa jukwaa wako chini ya chama cha Actors' Equity Association, ambacho kima chake cha chini Broadway kimeshapita dola 2,500 kwa wiki. Usizidishe kima hicho kwa idadi ya wahusika na kuishia hapo. Tamthilia ya waigizaji wanane huhitaji waigizaji mbadala wasiopungua watatu, kila mmoja akiwa amejifunza nafasi mbili au tatu, na pia huhitaji wasimamizi wa jukwaa. Kuna nyongeza kwa anayeshika nafasi ya ziada na kwa anayesimamia ngoma, na mwigizaji mwenye jina atadai mara kadhaa ya kima cha chini, pengine pamoja na sehemu ya mapato. Iwapo waigizaji wako hupiga vyombo, waigizaji mbadala nao lazima wajue kuvipiga, jambo linaloongeza muda wa kuwatafuta na ada ya kuwapata. Kiasi ulichokiokoa kwa kutoweka bendi hupungua.

Wanamuziki wako chini ya tawi namba 802 la chama cha wanamuziki cha Marekani. Kila ukumbi una idadi yake ya chini ya wanamuziki wanaopaswa kuajiriwa. Katika kumbi kubwa kabisa idadi hiyo ni 18 au 19, na katika kumbi ndogo ni wachache. Suala hilo si dogo, kwa maana mwaka 2003 lilisababisha mgomo wa siku nne uliozima karibu tamthilia zote za muziki za Broadway. Utaratibu unaruhusu kuomba idadi pungufu kwa sababu za kisanaa, lakini ombi hilo lifanywe mapema na lithibitishwe kabla ya bajeti kufungwa. Kumbuka pia kwamba mwanamuziki anayepiga zaidi ya chombo kimoja huongezewa asilimia 12.5 kwa chombo cha pili, na nyongeza nyingine kwa vinavyofuata, hivyo mpiga filimbi anayeshika pia klarineti na saksafoni si mtu mmoja kwa hesabu ya mshahara.

Baada ya hao kuna mafundi wa jukwaa, walio chini ya tawi namba 1 la chama cha IATSE, na wahudumu wa mavazi na wa nywele, ambao wana matawi yao. Kazi yao haionekani kutoka kwenye kiti cha mtazamaji, na ndiyo maana husahaulika katika makadirio ya wageni. Chukua vazi la mwigizaji mmoja anayecheza na kuimba kwa dakika 90. Likivuliwa limelowa jasho. Hufuliwa au kunyunyiziwa dawa, hukaushwa, hupigwa pasi, vifungo vilivyolegea hushonwa upya, na hutundikwa mahali pake kabla ya onyesho linalofuata, ambalo siku zenye maonyesho mawili liko saa chache tu mbele. Maikrofoni yake, iliyofichwa kwenye mstari wa nywele chini ya wigi, hupanguswa na kujaribiwa, na betri mpya hutiwa kabla ya kila onyesho, kwa sababu sauti ikikatika katikati ya wimbo hakuna namna ya kuurudia. Mara nane kwa wiki, kwa kila mwigizaji. Kuna mtu anayelipwa kwa kila moja ya kazi hizo, na anastahili malipo yake.

Juu ya mishahara yote weka kodi za mwajiri, michango ya pensheni, bima ya afya na malipo ya likizo. Anayekadiria kwa haraka aweke karibu asilimia 30 ya mishahara. Meneja mkuu wa tamthilia atakupa hesabu kamili kwa kila chama.

Matangazo, vifaa na yaliyobaki

Matangazo ndiyo gharama yenye ushawishi mkubwa na yenye uhakika mdogo. Tamthilia ndogo isiyo na mwigizaji maarufu wala kisa kinachojulikana haiwezi kuyakwepa, kwa kuwa inashindana na majina yaliyokaa Broadway kwa miongo. Usikubali bajeti inayoonyesha matangazo yakipungua ghafla baada ya mwezi wa kwanza. Mara nyingi hiyo ni njia ya kuifanya hesabu ionekane nzuri kwenye karatasi.

Taa, spika, maikrofoni na mitambo ya picha kwa kawaida hukodiwa kwa wiki, si kununuliwa. Kampuni nyingi za kukodisha hukubali kupunguza bei baada ya miezi ya mwanzo, kwa hiyo punguzo hilo lijadiliwe kabla ya kutia saini. Bima, wanasheria, wahasibu, ada ya meneja mkuu, msemaji wa vyombo vya habari na ofisi ya mtayarishaji hufuata, na kila moja ni mstari unaojitegemea.

Mirabaha

Mtunzi wa muziki, mwandishi wa mashairi, mwandishi wa kisa, mwongozaji, msanifu wa ngoma na wabunifu wote wana haki ya mrabaha, yaani sehemu ya mapato kwa kazi waliyoibuni. Kama kila mmoja angelipwa asilimia yake kutoka kwenye mapato ghafi, yaani mauzo yote ya tiketi kabla ya makato, tamthilia ndogo ingeweza kuingia hasara wiki ambayo ukumbi umejaa vizuri. Ndiyo sababu siku hizi hutumika zaidi mfuko wa pamoja: kila mwenye haki hupewa kiwango cha chini cha uhakika, na wiki yenye faida wote hugawana sehemu fulani ya faida hiyo, kwa mfano asilimia 35, huku kinachobaki kikienda kwa wawekezaji hadi mtaji urudi. Mpango huu ni wa haki kwa pande zote iwapo kiwango cha chini hakikuwekwa kidogo mno kwa waandishi, ambao huenda wameishughulikia kazi hiyo kwa miaka mingi bila malipo yoyote.

Hesabu kamili, kwa mfano wa kubuni

Tuchukue ukumbi wa viti 750. Kwa maonyesho manane kuna tiketi 6,000 kwa wiki. Tarakimu zifuatazo nimezibuni ili kuonyesha njia ya kukokotoa, na si za tamthilia yoyote iliyopo.

Waigizaji wanane, waigizaji mbadala watatu na wasimamizi wa jukwaa watatu, kwa wastani wa dola 3,300, ni dola 46,200. Wanamuziki sita kwa dola 2,400 ni 14,400. Mafundi na wahudumu 14 wa tamthilia kwa dola 2,600 ni 36,400. Uongozi, wahasibu wa kila wiki na msemaji ni 20,000. Michango na kodi za mishahara ni 30,000. Ukumbi, yaani kodi isiyobadilika pamoja na marejesho ya gharama za jengo, ni 100,000. Matangazo ni 80,000, ukodishaji wa vifaa 18,000, ufuaji, matengenezo na mahitaji ya idara 7,000, na bima na wanasheria 12,000. Jumla ni dola 364,000 kwa wiki, kabla ya asilimia ya ukumbi na mirabaha.

Sasa angalia upande wa mapato. Mapato ghafi si fedha zako zote, kwa sababu hukatwa ada za kadi, kamisheni za mauzo ya vikundi na makato mengine. Tuseme asilimia 10. Mwenye ukumbi naye achukue asilimia 6 ya kinachobaki, na kiwango cha chini cha mirabaha kiwe dola 10,000. Ili kusiwe na faida wala hasara, tamthilia hii inahitaji mapato ghafi ya takribani dola 442,000. Kwa bei ya wastani ya dola 95 hizo ni tiketi takribani 4,650, ambazo ni karibu asilimia 78 ya viti vyote.

Jaribu hali mbili zaidi. Ukumbi ukijaa kwa asilimia 85 kwa bei hiyohiyo, mapato ghafi ni dola 484,500, na baada ya makato, gharama na asilimia 35 ya faida inayokwenda kwenye mirabaha, wawekezaji hubakiwa na karibu dola 30,000. Kwa mtaji wa dola milioni 7 watasubiri zaidi ya miaka minne. Ukumbi ukijaa kwa asilimia 97 na wastani wa bei ukipanda hadi dola 115, mapato ni dola 669,300, wawekezaji hupata karibu dola 131,000, na mtaji hurudi kwa mwaka mmoja na siku chache. Gharama za msingi hazikubadilika hata kidogo kati ya hali hizo. Kilichobadilika ni bei ya wastani pamoja na viti kumi na viwili zaidi katika kila mia, na ndiyo maana inafaa kuitazama bei ya wastani kabla ya kutazama jumla ya mapato. Msimu wa 2024 hadi 2025 wastani wa Broadway yote ulikuwa karibu dola 129, lakini wastani huo umeinuliwa na tamthilia maarufu na nyota wa filamu. Waraka unaoiwekea tamthilia ndogo isiyojulikana wastani huo tangu wiki ya kwanza una matumaini kupita kiasi.

Akiba ya Januari na Februari

Watalii hujaa New York wakati wa Krismasi, kisha huondoka. Tuseme katika majuma ya baridi tamthilia yetu inauza asilimia 60 ya viti kwa wastani wa dola 80, nyingi zikiwa tiketi za punguzo za kibanda cha TKTS. Mapato ghafi hushuka hadi dola 288,000, na hasara ya wiki moja ni takribani dola 130,000. Majuma sita ya namna hiyo hula karibu dola 780,000. Kwa hiyo akiba ya dola 300,000, inayoonekana ya kutosha mwezi wa Oktoba, itakwisha kabla ya Januari haijamalizika.

Maybe Happy Ending ilianza kwa mauzo madogo kiasi cha kutia shaka, ikapanda polepole kwa sifa za watazamaji na wahakiki, na Juni 2025 ikatwaa tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki. Isingefika huko bila fedha za kuivusha katika majuma ya mwanzo. Tamthilia ndogo huhitaji muda wa kusimuliwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na muda huo hununuliwa kwa akiba. Kama una dola nusu milioni za kuchagua kati ya seti ya kifahari na akiba, weka akiba.

Unapolazimika kupunguza

Anza na vitu visivyomgusa mtazamaji wala kipato cha mfanyakazi wa kima cha chini. Mtayarishaji na meneja mkuu wanaweza kuacha ada zao kwa muda, wenye mirabaha wakaombwa kukubali kiwango cha chini tu, na mwenye ukumbi akaombwa kupunguza kodi kwa majuma yaliyotajwa. Kampuni za vifaa nazo zijadiliwe upya. Matangazo yanaweza kuhamishwa kutoka njia za gharama kubwa, lakini yasizimwe. Kupunguza waigizaji mbadala ni hatari isiyo na maana: homa ikipita katika kikundi cha watu wanane, onyesho moja likifutwa hupoteza zaidi ya alichookoa mtu kwa mwezi mzima.

Ipo pia njia ya kuhamia ukumbi mdogo nje ya Broadway, wenye viti visivyozidi 499, ambako mikataba ni nafuu. Avenue Q ilifanya hivyo mwaka 2009 baada ya miaka sita katika ukumbi wa Golden, ikahamia New World Stages na kuendelea kwa miaka mingine kumi. Njia hii huifaa tamthilia ambayo jina lake limeshajulikana.

Karatasi za kuomba kabla ya kutia saini

Muombe meneja mkuu bajeti ya wiki iliyochambuliwa mstari kwa mstari, pamoja na jedwali linaloonyesha mtaji utarudi baada ya wiki ngapi katika viwango mbalimbali vya mauzo, ikiwemo asilimia 60. Omba pia masharti ya kipengele cha kuondolewa ukumbini na kiasi cha akiba baada ya kutoa amana za vyama, kwa sababu amana huhesabiwa ndani ya mtaji lakini haziwezi kutumika wakati wa shida. Uliza kama tamthilia imeomba nafuu ya kodi ya jimbo la New York, iliyoanzishwa mwaka 2021 ili kurudisha asilimia 25 ya gharama zinazostahili, na kama nafuu hiyo imehesabiwa kuwa fedha zilizokwisha kupatikana.

Kisha chukua muda wako mwenyewe kusoma mapato ya kila wiki ambayo The Broadway League, chama cha watayarishaji na wamiliki wa kumbi, huyatangaza hadharani kwa kila tamthilia, pamoja na idadi ya watazamaji na bei ya wastani. Chagua tamthilia ndogo tatu au nne zilizowahi kukaa katika ukumbi uleule unaopendekezwa, ufuatilie mauzo yao ya Septemba, ya wiki ya Krismasi na ya mwisho wa Januari, uyaweke kando ya kiwango cha kutopata hasara kilichoandikwa katika waraka wako, na uhesabu ni majuma mangapi katika mwaka yangevuka kiwango hicho.